Kem kubwa kwenye hewa nyepesi: kuchagua kemshafti ya gari la kazini na la resi Arusha

Gari likisimama kwenye foleni ya Sakina huku injini ikidunda kwa kusitasita, bodaboda wote hugeuza shingo. Mdundo huo umeuza kemshafti nyingi mjini hapa. Kijana anausikia Jumamosi, Jumatatu yuko gereji Unga Limited anamwambia fundi, "Kaka, nitafutie kem kubwa." Fundi akimuuliza kubwa kiasi gani, hana jibu. Kompresheni ya injini yake, yaani hewa inakandamizwa mara ngapi ndani ya silinda, haijui, difu haijui, na hajawahi kujiuliza injini hiyo inazunguka mara ngapi kwa dakika anapopita Usa River kwa spidi hamsini akielekea Moshi.

Namwelewa, maana na mimi nilianzia hapo hapo. Nilinunua jozi ya kem zilizoandikwa 304, nikazifunga kwenye 4A-GE, injini ya Toyota ya lita 1.6, yenye pistoni za kiwandani, nikaona nimemaliza. Gari likawa halitoki kwenye taa mpaka lipigwe resi. Mafuta likanywa mara mbili ya zamani, na kwenye mita 402 za resi ya kunyooka likapitwa na Corolla iliyofunguliwa ekzosi tu. Ilinichukua muda kuweza kueleza kwa namba kwa nini ilikuwa vile. Namba hizo nazileta hapa kwa ajili ya mtu mwenye gari moja tu, la kwendea kazini na la kushindania. Na nikisema resi nina maana ya uwanja uliofungwa kwa kibali. Barabara ya Moshi usiku ina watoto, ng'ombe na noah zilizojaa abiria. Huko hakuna kem inayofaa.

Kemshafti ni shafti yenye nundu. Krenki, shafti inayozungushwa na pistoni, ikizunguka mara mbili, kem huzunguka mara moja, na kila nundu inaisukuma valvu yake, mlango wa hewa au wa moshi, ifunguke kisha inaiachia springi iifunge. Weka mezani kem ya kiwandani kando ya kem ya resi, tofauti utaiona kwa macho: nundu ya kiwandani imechongoka kama ncha ya yai, ya resi ina mabega mapana. Upana wa mabega ndio muda ambao valvu inakaa wazi, nao hupimwa kwa digrii za krenki. Urefu wa nundu ndio mwinuko, yaani valvu inaondoka milimita ngapi kwenye kiti chake.

Mtu akikwambia kem ya 272, anazungumzia hayo mabega: valvu inakaa wazi kwa digrii 272. Lakini pistoni kushuka kutoka juu kabisa mpaka chini kabisa ni digrii 180 tu. Zile 92 za ziada ziko wapi? Chache ziko mwanzoni, kwa kuwa valvu ya hewa huanza kufunguka kabla pistoni haijafika juu. Nyingi ziko mwishoni. Pistoni imeshafika chini, imegeuka, inapanda, na valvu ya hewa bado iko wazi.

Hapo ndipo pa kutazama. Injini ikizunguka kwa kasi, hewa inayoingia ina mbio zake, na hata pistoni ikianza kupanda hewa inaendelea kujisukuma ndani ya silinda. Kuchelewa kufunga kunakuwa faida. Ikizunguka polepole, hewa haina mbio, na pistoni inapopanda inairudisha kwenye manifoldi, mabomba ya kuingizia hewa, ilikotoka. Umevuta, halafu umetema.

Tuchukue 4A-GE yenyewe, kwa sababu wengi wanaijua na vipimo vyake viko wazi: silinda milimita 81, pistoni inasafiri milimita 77, konrodi, mkono unaounganisha pistoni na krenki, milimita 122. Weka kompresheni ya 10.3 kwa 1, na useti kilele cha nundu ya hewa kwenye digrii 110 baada ya pistoni kuwa juu. Kem ya digrii 240, ambayo ndiyo karibu na ya kiwandani, inafunga valvu ya hewa digrii 50 baada ya pistoni kupita chini. Pistoni inakuwa imebakiza milimita 66.9 za kupanda, na hewa iliyonaswa inakandamizwa hizo tu. Kompresheni inayofanya kazi kweli, injini ikiwa kwenye mizunguko ya chini, ni 9.1.

Badilisha kem peke yake. Ukiweka ya 256, valvu inafunga digrii 58 na kompresheni ya kweli inashuka hadi karibu 8.7. Ya 272 inafunga digrii 66, umebaki na 8.2. Ya 304 inafunga digrii 82, pistoni imeshapanda zaidi ya theluthi ya safari yake kabla haijaanza kukandamiza chochote, na kompresheni ni 7.0. Pistoni zile zile, hedi ile ile, gasketi ile ile. Nilikuwa nimetoa shilingi zangu kuigeuza injini ya kisasa kuwa na kompresheni ya trekta la zamani, kisha nikalilaumu gari.

Anayeuza kem hakudanganyi akisema ya 304 ina nguvu. Nguvu ipo, iko juu kule mizunguko 7,000 na kuendelea, hewa ikiwa na mbio za kutosha kuijaza silinda licha ya pistoni kupanda. Ila injini yenye kem hiyo inahitaji kompresheni yake. Kwa injini hii tuliyoipima, ukitaka kem ya 272 ibaki na ile 9.1 ya kwanza, kompresheni ya pistoni na hedi lazima ifike karibu 11.5. Kwa hiyo kem haiji peke yake. Inakuja na pistoni au na hedi iliyochongwa, na bei ya kweli ya kem ni bei ya vyote hivyo kwa pamoja.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo vitabu vya Marekani na Japani havitusaidii, maana vingi vimeandikwa kwa watu wanaoishi karibu na usawa wa bahari. Arusha iko karibu mita 1,400 juu. Kwa kawaida presha ya hewa kwenye kimo hicho ni kilopaskali 85 na kitu, wakati Dar es Salaam ni 101. Moshi mjini, chini kidogo, ni kama 91. Injini isiyo na turbo haina jinsi ya kuvuta hewa ambayo haipo: kila silinda hapa Arusha inaanza na pungufu ya takriban asilimia 15 kabla kem haijagusa kitu.

Utaliona hilo kwenye geji ya kompresheni. Injini nzima inayosoma psi 180 Dar itasoma karibu 150 ikipimwa hapa, ikiwa na ringi zile zile na valvu zile zile. Nimeshuhudia injini ikifunguliwa kwa oveholi kwa sababu ya hiyo tofauti tu, mtu akiwa na namba ya kitabu mkononi na hakuna aliyemkumbusha mlima anaokaa. Sasa juu ya pungufu hiyo, funga kem inayotema hewa kwenye mizunguko ya chini. Asilimia 15 imechukuliwa na mlima, nyingine imechukuliwa na kem, na kilichobaki ndicho cha kulisukuma gari la tani moja na zaidi kupanda kwenda Ilboru.

Ndiyo maana ushauri wangu kwa mtu wa Arusha ni mmoja: kem ambayo kitabu kinakushauri, shuka ngazi moja. Wakikwambia 272 kwa gari la mtaani na resi, wewe anza na 264 au 256. Au kama moyo wako uko kwenye 272, pandisha kompresheni kwanza. Na hapa mlima unakurudishia kidogo kile ulichokuchukulia: kwa kuwa hewa ni nyepesi, presha ndani ya silinda iko chini, injini ya hapa inavumilia kompresheni ya juu kwa petroli ile ile bila kugonga, yaani bila mafuta kulipuka yenyewe ndani ya silinda. Lakini kumbuka safari. Gari lililosetiwa Arusha kwa kompresheni ya mwisho, ukishuka nalo Tanga kwenye harusi, hewa nzito ya pwani inaijaza silinda na injini inaanza kugonga ukikanyaga mafuta. Kugonga kunatoboa pistoni. Mwenye gari la kusafiri aache nafasi, au awe na programu ya pili ya taimingi kwenye kompyuta ya injini kwa ajili ya pwani.

Gia boksi inasema nini

Watu huchagua kem kisha wakakumbuka gia. Ningependa iwe kinyume chake, kwa sababu gia boksi ndiyo inayoamua injini itaishi kwenye mizunguko gani.

Chukua gia boksi yenye gia ya kwanza 3.166, ya pili 1.904, ya tatu 1.310, ya nne 0.969, na difu ya 4.3. Matairi yawe 185/60 ya rimu 14. Ukiwa kwenye spidi 50, ile ya vijiji vyote kuanzia Tengeru mpaka Boma Ng'ombe, gia ya nne inazungusha injini kama mara 1,900 kwa dakika, na ya tatu kama 2,600. Barabara ya Arusha kwenda Moshi ni takriban kilomita 80, na ukitoa vipande vichache vya wazi, unaishi humo: matuta, kibao cha hamsini, trafiki, tuta lingine. Kem inayoamka mizunguko 5,500 hutaitumia hata dakika tano kwenye safari hiyo. Utakuwa unaliendesha gari lenye usingizi, gia moja chini ya kawaida, sindano ya mafuta inashuka.

Uwanjani nako gia ina la kusema. Ukibadilisha kutoka ya kwanza kwenda ya pili kwenye mizunguko 7,500, injini inaangukia 4,500. Pili kwenda tatu inaangukia karibu 5,150. Tatu kwenda nne, karibu 5,550. Maana yake ni kwamba kem yako inatakiwa kuvuta vizuri kuanzia 4,500, la sivyo baada ya gia ya kwanza unaanguka kwenye shimo na unangoja injini ipande tena huku mwenzako anaondoka. Hicho ndicho kilichonitokea mimi. Mafundi wa injini wana kanuni ya kukadiria kwamba kila digrii 10 unazoongeza kwenye muda wa valvu, nguvu zote zinahamia juu kwa mizunguko kama 500. Ni makadirio tu, lakini ukiyaweka kando ya namba za gia utaona mara moja kem ipi haiendani na gia boksi yako. Na utaona kwamba kwa fedha zile zile, difu fupi zaidi, yaani yenye namba kubwa zaidi, mara nyingi inakupa zaidi kuliko kem.

Gia za otomatiki zina suala lao. Torki konveta ya kiwandani, inayounganisha injini na gia boksi kwa mafuta, inashika mapema, kwenye mizunguko ya chini ambako kem kubwa haina kitu. Mark II ya otomatiki yenye kem ya resi na konveta ya kiwandani inaondoka vibaya kuliko ilivyokuwa mwanzo, na hilo silisemi kwa kukisia.

Mdundo ule unatoka wapi

Kabla pistoni haijafika juu mwisho wa kutoa moshi, valvu ya hewa inaanza kufunguka, na ile ya moshi haijafunga bado. Kwa muda mfupi zote mbili ziko wazi. Huo ndio mwingiliano. Kem mbili za 240 zilizosetiwa kwenye 110 zina mwingiliano wa digrii 20. Za 272 zina 52. Za 304 zina 84.

Kwenye mizunguko ya juu mwingiliano ni mali: moshi unaotoka kwa kasi unaivuta hewa mpya iingie, na ekzosi nzuri ndiyo inayoifanya kazi hiyo. Kwenye sailensi, injini ikiunguruma bila kukanyaga mafuta, moshi unarudi ndani ya manifoldi, unachanganyika na hewa mpya, na silinda moja inawaka vizuri, inayofuata inawaka nusu. Mdundo unaowageuza bodaboda shingo ni silinda zinazokosa kuwaka sawasawa. Ni sauti ya kitu kinachokosekana pale, ingawa kipo kule juu.

Jambo ambalo ningeomba kila mtu alichukulie kwa uzito ni breki. Buster ya breki inafanya kazi kwa tofauti kati ya presha ya hewa ya nje na vakyumu ya manifoldi. Kem yenye mwingiliano mkubwa inaipunguza vakyumu ya sailensi. Na hapa Arusha presha ya nje yenyewe tayari ni ndogo. Vikikutana vyote viwili, kanyagio linakuwa gumu kama jiwe pale unapojongea kwenye foleni na kubonyeza breki mara mbili tatu mfululizo. Kabla hujafunga kem yoyote juu ya 264, funga geji ya vakyumu, andika inasoma ngapi kwenye sailensi, kisha uilinganishe baada ya kazi. Ikishuka sana, tafuta pampu ya vakyumu ya umeme au rudi kwenye kem ndogo. Gari la resi linasimama uwanjani pasipo mtu mbele. Gari lako litasimama sokoni Kilombero, mama akiwa anavuka na ndoo ya nyanya.

Kuhusu mwinuko nitasema kidogo tu, maana hauna ugomvi mwingi. Hewa inapita pembeni mwa valvu, na valvu ikishafunguka kiasi cha robo ya kipenyo chake, uwazi wa pembeni unakuwa sawa na eneo la valvu lenyewe. Kwa valvu ya milimita 30, hiyo ni milimita 7.5. Zaidi ya hapo bado kuna faida, kwa kuwa valvu inakaa muda mrefu kwenye uwazi mzuri, lakini faida inapungua na springi zinaumia. Kwa gari la mtaani, kem yenye mwinuko mkubwa na muda wa wastani naipenda kuliko yenye muda mrefu na mwinuko mdogo: inajaza silinda bila kuchelewa kufunga.

Mwenye turbo, iwe 1JZ ya Toyota au EJ20 ya Subaru, asifuate namba hizi. Turbo inamrudishia hewa ambayo mlima umechukua, na mara nyingi presha ya moshi kabla ya turbo inazidi ile ya manifoldi, hivyo mwingiliano mkubwa unaurudisha moshi ndani. Kem ya turbo huwa na mwingiliano mdogo.

Tahadhari moja kwenye kununua. Namba iliyoandikwa kwenye boksi haina maana mpaka ujue imepimwa kuanzia wapi. Marekani wengi hupima muda kuanzia tapeti, kile kipande kinachosukumwa na nundu, inapokuwa imesogea inchi 0.050, yaani milimita 1.27. Wengine huanzia milimita moja, wengine huanzia pale inapogusa tu. Kem ile ile inaweza kupungua digrii 40 au zaidi kwa kubadilisha mahali pa kuanzia kupima. Ya 240 ya Marekani iliyopimwa kwenye 0.050 ni kem kali sana. Ya 240 ya kiwandani ya Toyota ni ya kwendea sokoni. Omba karatasi ya kem. Anayekuuzia bila karatasi, mwambie akuruhusu uipime kwa dayo geji, ile saa ya kupimia mwinuko, na sahani ya digrii, la sivyo unanunua chuma tu.

Nimalizie na injini tuliyoifunga hivi karibuni, 4A-GE ya kijana anayefanya kazi Njiro na anayependa mita 402. Alikuja na jozi ya 272 na karatasi yake. Alikuwa amenielewa kuhusu kompresheni, hivyo akaweka pistoni za kompresheni ya juu na kuichonga hedi. Tukabandika plastisini ya watoto kwenye mashimo ya valvu juu ya pistoni, tukapaka mafuta kidogo isinate, tukafunga hedi na gasketi, tukaseti taimingi, tukaizungusha krenki kwa mkono, mizunguko miwili mizima, taratibu. Hatukutumia stata, stata haina huruma kwa valvu.

Hedi ilipotoka, plastisini ilikuwa imebeba alama ya valvu vizuri kama mhuri. Tukaikata katikati kwa wembe na kupima kwa venia. Upande wa moshi milimita 2.6, salama, kwani huko tunataka 2.5 kwenda juu. Upande wa hewa tunataka angalau 2. Ilikuwa 1.4. Valvu ya hewa hukaribiana na pistoni zaidi digrii 10 hadi 15 baada ya juu kabisa, pistoni ikianza kushuka na valvu inaifukuza, na kem kubwa inafukuza mapema. Kuichelewesha kem kwa kuzungusha puli kungetupa nafasi, lakini kungechelewesha pia kufunga, na kompresheni tuliyoilipia kwa kuchonga hedi ingetemwa kwenye manifoldi.

Kijana alitazama kile kipande cha plastisini kwa muda. Kisha akaenda kwenye gari akarudi na boksi la pili, jozi ya 256 aliyokuwa amepewa na binamu yake na ambayo alikuwa ameiona ndogo. Tukarudia kazi yote, plastisini mpya. Upande wa hewa ukasoma 2.1. Tukafunga.